Jinsi ya kuunda timu ya Pokémon ya aina moja, na kwa nini Gyarados wangu sasa anabaki nyumbani

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana sebuleni kwa rafiki yangu Buruburu. Huwa tuko kumi, kumi na wawili hivi, kila mtu na simu yake, chaja mbili zikigombaniwa na chupa ya chai katikati ya meza. Tunapambanisha Pokémon, viumbe wa mchezo wa video, na mashindano yetu ni ya aina moja: Pokémon wote sita wa timu yako lazima wawe na aina ileile. Ukichagua Maji, kila mmoja awe wa Maji. Anaruhusiwa kuwa na aina ya pili, na hiyo aina ya pili ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, na karibu kila mara nilishindwa nikiwa bado nyumbani, nikichagua timu, kabla hata sijapanda matatu ya Jogoo Road.

Hatua ya 1: Jua sheria za siku hiyo

Tunacheza kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya kupambanisha timu. Inafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, ni ya bure, na haili bando. Pokémon ni wa kizazi cha 9, yaani wa michezo ya Scarlet na Violet iliyotoka 2022. Terastal, mbinu ya kubadilisha aina, imefungwa, maana ukiruhusu mtu abadilishe aina katikati ya mechi, hayo si mashindano ya aina moja tena. Orodha ya waliopigwa marufuku hubadilika, kwa hiyo itazame wiki yenyewe ya mechi, kisha bonyeza kitufe cha Validate kinachokagua timu. Nimeona mtu mzima akiunda timu dakika tano kabla ya raundi ya kwanza kwa sababu nyota wake alikuwa amefungiwa na yeye hana habari.

Kuhusu majina: aina ziko 18 na skrini inaziandika kwa Kiingereza, ila mezani kwetu Flying ni Anga, Fighting ni Ngumi, Psychic ni Akili, na Fairy, baada ya ubishi uliomaliza chai, ikawa Kichimbakazi. Kuna mmoja bado anasema Jini. Tumemwachia Mungu.

Hatua ya 2: Andika kidonda kwanza

Wengi wanaanza na Pokémon wanayempenda, kisha wanamtafutia wenzake watano. Usifanye hivyo. Chukua karatasi uandike aina zinazokuumiza. Maji wanaumizwa na Umeme na Nyasi. Chuma wanapunguza makali ya aina kumi, na Sumu haiwagusi kabisa, lakini Moto, Ngumi na Ardhi zinawaumiza. Umeme wana kidonda kimoja tu, Ardhi. Kawaida nao kimoja, Ngumi.

Sasa mtu anaona "kimoja tu" anafurahi. Polepole! Katika mechi ya kawaida, Earthquake, pigo la Ardhi, ikija unamtoa aliye hatarini unaingiza anayeruka. Hapa ukimtoa wa Umeme unaingiza wa Umeme mwingine. Kidonda kimoja ambacho wote sita wanacho kinamtosha mpinzani kukumaliza kwa pigo moja analorudia tu. Ndiyo maana timu ya Umeme isiyo na Zapdos, anayeruka, au Rotom, anayeelea, ni foleni ya kuchinjiwa.

Hatua ya 3: Kila kidonda kipate walinzi wawili

Mlinzi ni yule ambaye aina yake ya pili, au uwezo wake, inamwondolea kidonda cha familia. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha. Nyasi kwa Maji ni mara 2, Nyasi kwa Chuma ni nusu. Kwa hiyo Empoleon, ambaye ni Maji na Chuma, anapigwa na Nyasi kwa kiwango cha kawaida: 2 × ½ = 1. Hesabu ya darasa la tatu, lakini ifanye kwa kalamu. Kichwani unajidanganya.

Nawaonyesha timu yangu ya Maji jinsi ilivyopangika.

Dhidi ya Umeme, wa kwanza ni Gastrodon. Ni Maji na Ardhi, Umeme haumpati hata chembe, hata Thunder Wave, ile ya kupooza, inapita tu, na ana Recover ya kujitibu. Wa pili ni Rotom wa mashine ya kufulia (Umeme na Maji). Huyu Umeme anaupokea kawaida, na kwa kuwa anaelea, Ardhi haimgusi. Kidonda chake kimebaki Nyasi peke yake. Gastrodon naye akipigwa Nyasi ni mara nne, kwa hiyo mtu wa Nyasi akiingia, Gastrodon hana biashara pale.

Dhidi ya Nyasi, Toxapex (Maji na Sumu) na Empoleon. Wote wawili wanapokea kawaida. Toxapex mwenye uwezo wa Regenerator akitoka uwanjani anarudishiwa theluthi ya uhai wake, kwa hiyo anaweza kuingia na kutoka kama mtu wa kuchungulia jikoni. Mpe pointi 252 za mafunzo kwenye uhai, ndicho kiwango cha juu, na usijaribu kumfanya mshambuliaji.

Waliobaki wawili ndio wa kushambulia. Pelipper (Maji na Anga) analeta mvua akiingia tu, na Barraskewda mwenye uwezo wa Swift Swim anaongezewa kasi mara mbili mvua ikinyesha. Mvua inadumu zamu 5, au 8 ukimpa Pelipper kifaa cha Damp Rock, na mapigo ya Maji yanapanda mara 1.5. Pelipper pia ana Hurricane, pigo la Anga, ambayo ndani ya mvua haikosi. Hiyo ndiyo fimbo yetu kwa Nyasi. Ila mvua haichagui: Thunder ya mpinzani, pigo la Umeme, nayo haikosi mvua ikinyesha, na Pelipper akipigwa Umeme ni mara nne. Ukikutana na timu ya Umeme, fikiri mara mbili kabla ya kumwita.

Hatua ya 4: Tafuta pigo linalovunja kanuni

Hapa ndipo nilipoaibika.

Zamani mahali pa Empoleon palikuwa pa Gyarados. Nampenda Gyarados tangu utotoni, sina sababu nyingine. Nusu fainali nikapangwa na mpwa wa mwenye nyumba, kijana wa Gredi ya 6, mwenye timu ya Barafu. Nikacheka moyoni. Barafu kwa Maji ni nusu, na Barafu yenyewe haina kinga ila dhidi ya Barafu mwenzake. Nilijua ni mechi ya dakika tano, na kweli ilikuwa ya dakika tano.

Nikaanza na Pelipper, yeye akaanza na Ninetales wa Alola. Akapiga Freeze-Dry, Pelipper chini. Nikamwingiza Gyarados. Freeze-Dry tena, chini. Gastrodon, vilevile. Nikainua uso.

"Anko," akaniambia, mandazi mkononi, "Freeze-Dry ni Barafu lakini inaiumiza Maji mara mbili. Hujui?"

Nilikuwa najua! Nilikuwa nimeisoma, nikaisahau kwenye hesabu. Freeze-Dry inahesabu Maji kama kidonda. Pelipper na Gyarados ni Maji na Anga, na Anga inaumizwa na Barafu: 2 × 2 = 4. Gastrodon ni Maji na Ardhi: 2 × 2 = 4. Nilikuwa nimejenga nyumba yenye milango mitatu inayofunguka kwa ufunguo mmoja. Na Gyarados, kama Pelipper, ana kidonda cha mara nne cha Umeme pia, kwa hiyo hata bila yule kijana alikuwa mzigo.

Empoleon anaipokea Freeze-Dry kawaida (2 × ½), halafu anajibu kwa Flash Cannon, pigo la Chuma. Ninetales wa Alola ni Barafu na Kichimbakazi, Chuma inaumiza zote mbili, kwa hiyo ni mara nne. Badiliko moja tu la jina likageuza mechi nzima. Mamoswine (Barafu na Ardhi) akiingia kumtisha Empoleon kwa Earthquake, mtoe Empoleon, ingiza Rotom anayeelea, na Hydro Pump, pigo la Maji, inamngoja Mamoswine.

Kazi yako basi: ukimaliza kuchagua sita, pitia aina zote 18 moja moja ukijiuliza, "Huyu ana nini kisichofuata kanuni?" Aina moja au mbili utakazoona huziwezi, ziache. Ukizifuata zote utaharibu mechi ulizokuwa unashinda.

Hatua ya 5: Mawe na viatu

Stealth Rock, mawe ya kutegwa, ikishawekwa, kila anayeingia upande wako anakatwa uhai: 1/8 kwa kawaida, 1/4 ikiwa Mwamba unamuumiza mara mbili, 1/2 ikiwa mara nne. Timu za Moto, Barafu, Anga na Mdudu zinateseka sana hapa. Charizard anafika uwanjani nusu ya uhai imekwenda kabla hajapumua. Wape Heavy-Duty Boots, viatu vya kuwakinga na mawe, bila kuona haya, hata wanne kati ya sita.

Kwa Maji shida iko kwa Pelipper tu, anayekatwa 1/4. Na kila Pokémon anashika kifaa kimoja: ama viatu, ama Damp Rock. Mimi nampa Damp Rock, kisha najiwekea sheria ya kumwingiza mara mbili tu katika mechi nzima. Ukiwa na tabia ya kumtoa na kumrudisha, mpe viatu, uridhike na mvua ya zamu 5.

Na wewe pia weka mawe. Empoleon anaweza, na kwa kawaida hiyo ndiyo zamu yake ya kwanza.

Hatua ya 6: Kasi

Fupi tu: mvua ikikatika, timu hii ni nzito. Kifaa cha Choice Scarf kinamwongezea anayekishika kasi mara 1.5 lakini kinamfunga kwenye pigo moja. Nampa Rotom, kwa sababu ana Trick, ya kubadilishana vifaa, na anaweza kumbandika nacho mpinzani wa kujitibu akwame.

Hatua ya 7: Sekunde za kabla ya mechi

Kabla ya zamu ya kwanza unaona wote sita wa mpinzani, na aina yake inajulikana papo hapo. Usibonyeze haraka. Mtafute mlinzi wake wa kidonda, yule mmoja anayewafunika wengine, na upange kumdhoofisha huyo kwanza. Kwenye timu ya Umeme inayomtegemea Zapdos, kumchosha Zapdos mapema kunawafungulia wengine watano.

Angalia pia hali ya hewa. Ninetales, mleta theluji, na Pelipper wakianza pamoja, mwenye kasi ndiye anayetangulia kuleta yake, na mzito anakuja kuifuta. Pelipper ni mzito, kwa hiyo mvua inabaki, na bila theluji Ninetales hawezi kuweka Aurora Veil, ngao ya kupunguza makali ya mapigo. Ila Freeze-Dry anayo palepale. Siku hizi naanza na Empoleon, namwacha aweke hiyo Veil yake akitaka.

Mambo mengine ni ya nyumbani: chaji simu kabla hujatoka, na uwe na bando lako hata kama kuna Wi-Fi, maana stima ikipotea Wi-Fi nayo inaondoka, na saa ya mechi haisimami kukungoja.

Yule kijana ameacha Barafu, anaunda timu ya Nyasi. Juzi aliniuliza Hurricane ya Pelipper inakosa mara ngapi nje ya mvua. Nikamwambia ukweli, mara 30 kwa 100. Hakuuliza jua likiwaka inakuwaje, na mimi sikumwambia kwamba inashuka hadi nusu kwa nusu.