Ulimi una ganzi na maneno hayatoki? Jaribu hivi

Juzi konda mmoja kaja hapa Moshi kung'oa gego la chini, nikamchoma ganzi, baada ya kama dakika kumi namwambia sema "Kibosho" anatoa kitu kama "Kivotho", kacheka mwenyewe mpaka machozi, akauliza sasa abiria nitawaitaje. Wengi wanadhani ganzi imepooza ulimi. Haijapooza, na unaweza kuhakikisha mwenyewe.

Hatua ya 1: simama kwenye kioo utoe ulimi, upeleke kulia, kushoto. Si unaenda? Neva inayousogeza ni nyingine kabisa. Sindano imekamata neva za kuhisi, matawi ya neva ya 5 ya kichwa, hizo ndo zinaambia ubongo ncha ya ulimi iko wapi na imegusa nini. Ni kama kufunga vifungo vya shati asubuhi ya Julai vidole vimekufa baridi, vidole vipo ila huvisikii.

Hatua ya 2, hii fanya siku huna ganzi. Fumba macho, mwenzako ashike vijiti viwili vya meno vilivyoachana milimita 2 hivi, akuguse taratibu kwenye ncha ya ulimi, utajua ni viwili. Halafu akuguse mkononi chini ya kiwiko, hata aviachanishe sentimita 2 utaapa ni kimoja!

Hatua ya 3: sema "aaa", haisumbui sana maana ulimi haubani popote. Sasa sema "sss" uivute. Kingo za ulimi zimekaa kwenye magego ya juu, katikati umebaki mfereji mwembamba wa hewa, na mfereji huo bila kuhisi unapanuka ovyo ndo "s" inageuka "th". "B" nayo inataka midomo ifunge kabisa, ukiwa na ganzi unadhani umefunga kumbe pembeni hewa inavuja.

Hatua ya 4: kama lazima uongee, ongea polepole na sehemu tulivu, maana mguso ukipotea masikio ndo yanabaki kukusahihisha, stendi husikii hata sauti yako.

Mtori wa moto subiri kwanza, na watoto waangalieni wasitafune mdomo. Ganzi ya chini huwa inaisha ndani ya masaa machache, ikifika kesho bado ipo rudi kwa aliyekuchoma.

Yule konda nilimwambia atafute deiwaka wa kuita abiria, yeye akusanye nauli kimyakimya.