Moshi angani: rubani anaanza na nini

Harufu ya kutia shaka si lazima iwe ya moto. Pengine inakuja kama ya soksi zilizovunda, kumbe ni mafuta ya injini yaliyopenya kwenye hewa ya kiyoyozi. Ninyi mnaotoka kwenye mafunzo ya urubani pale Soroti, Uganda, shikeni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Vaa barakoa ya oksijeni. Usianze kumuuliza mwenzako, "Na wewe unanusa?" Iko ubavuni mwa kiti, bana vishikio vyekundu, mikanda itajaa hewa, uivae kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Kisha hakikisha iko kwenye asilimia 100. Hapa wengi huteleza: ukiiacha kwenye hali ya kawaida, unavuta oksijeni iliyochanganyika na moshi uleule unaoukimbia.

Hatua ya 2: Hakikisheni mnasikiana. Pumzi ndani ya barakoa hukoroma masikioni, basi semeni kwa ufupi. Mmoja arushe ndege, mwingine asome orodha ya dharura.

Hatua ya 3: Elekea kutua, hata kama chanzo hakijajulikana. Mwaka 1998, kwenye ndege ya Swissair 111, tangu marubani waliponusa harufu hadi ikaanguka baharini karibu na Halifax zilipita kama dakika 21 tu. Walikufa watu 229. Ukiwa juu ya Ziwa Victoria, usirudi Entebbe kwa mazoea. Huenda Mwanza iko karibu zaidi, mradi njia yake ya kutulia inaitosha ndege yako. Tangaza Meidei, yaani wito wa dharura redioni, na weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada.

Hatua ya 4: Sasa tafuta chanzo, ndege ikiwa njiani. Jikoni? Wahudumu wakate umeme wa majiko. Kiyoyozi? Zima upande mmoja, usubiri uone. Simu ya abiria inawaka? Kizimamoto kwanza, halafu maji mengi, wala si barafu, maana betri lazima ipoe. Barakoa za abiria usizishushe kwa ajili ya moshi: zinachanganya hewa ya kabini, na oksijeni yake huchochea moto.

Hatua ya 5: Ukishagusa ardhi, usitafute maegesho. Riyadh, 1980, ndege ya Saudia ilitua salama, lakini milango haikufunguliwa kwa wakati. Wote 301 wakafia ndani. Simama palepale, zima injini, amuru watu watoke.