Plasta ya maumivu kabla ya upasuaji

Ukimpeleka mgonjwa kufanyiwa upasuaji hapa Moshi naye ana plasta ya fentanili (dawa kali ya maumivu, ya jamii ya mofini, inayopenya kupitia ngozi) mwilini, mwambie daktari wa usingizi mapema, hata kama hajauliza. Wagonjwa wetu wengi wa saratani wanatumia mofini ya maji, kwa hiyo plasta ni rahisi kupitwa: imebandikwa mgongoni juu, chini ya kanga, na fomu imeandikwa "hana dawa" kwa sababu hamezi kidonge. Taja nguvu yake na siku iliyobandikwa, maana kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 72.

Usiibandue kwa uamuzi wako. Dawa iliyojikusanya kwenye ngozi huendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi, na plasta mpya huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake. Ndiyo maana haifai kuanzishiwa mtu kwa maumivu ya kidonda kibichi.

Ninalolihofia zaidi ni joto. Baridi ya Julai ikibana, ndugu huleta chupa ya maji ya moto wakaiweka mgongoni, kwa upendo kabisa. Joto juu ya plasta huharakisha dawa kuingia, na pumzi inaweza kufifia. Blanketi la kupasha joto la tiata ni vilevile. Akisinzia kupita kawaida, akiitwa haamki vizuri, au akipumua polepole mno, ita muuguzi saa hiyohiyo.

Plasta iliyotolewa ikunjwe, upande wa gundi ndani. Bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto.