SOMO: Namna ya kuanza kujifunza ununuzi na ugavi ukiwa hapa hapa Mbeya

Wakuu, kila wiki naulizwa inbox, "nataka kazi ya ununuzi, naanzia wapi?" Naandika mara moja, kila mtu asome hapa. Nimeanzia stoo ya jiko la shule, sasa ni mwaka wa tisa.

1. Ingia stoo, hata kwa kujitolea. Shika leja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

2. Zijue karatasi kwa mfuatano wake: ombi la mahitaji, kotesheni tatu (bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu), LPO (hati ya kumwagiza muuzaji alete mzigo), hati ya kupokelea mzigo, ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Ankara isiyolingana na LPO na hati ya mapokezi hailipwi.

3. Kulinganisha bei. Hapa tulieni, maana mimi niliumia.

Nilitakiwa kununua gunia 40 za viazi. Dalali wa Isyonje alisema 68,000 kwa gunia, muuzaji wa Uyole akasema 80,000 mpaka mlangoni. Nikakimbilia ya 68,000, LPO nikaandika "gunia 40". Fuso lilipofika jioni, mpishi mkuu akaniambia nipime moja. Kilo 84. Chini ya gunia kulikuwa na udongo na viazi vidogo kama gololi. Tukachambua, zikabaki kilo 80. Usafiri 4,000 kwa gunia, kupakia na kushusha 1,000. Jumla 73,000, sawa na shilingi 912 kwa kilo. Yule wa Uyole, ambaye baadaye gunia lake nililipima mwenyewe, alikuwa analeta kilo 100, nzuri 98, yaani shilingi 816. Kwenye mzigo ule nilipoteza zaidi ya laki tatu za chakula cha watoto. Na sikuwa na pa kudai, kwa sababu gunia 40 niliandika, gunia 40 nikaletewa.

Tangu siku ile LPO yangu inasema: KILO, siyo gunia; viazi visivyooza wala kuchipua; mzigo unapimwa stoo kwetu; tunalipa kilo zilizopokelewa. Pima kabla dereva hajaondoka, naye asaini. Na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) usiipokee hata ukiambiwa ni nyongeza: sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mkulima ndiye anayenyonywa pale.

4. Jua lini uagize tena. Matumizi ya siku zidisha siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Mchele kilo 25 kwa siku, mzigo wa Kyela unachukua siku 4, akiba kilo 50: ukifika kilo 150, agiza.

5. Fungua NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Soma tangazo moja la zabuni kwa siku, uone masharti yanavyoandikwa.

MASWALI

Kabwe Boy: Mkuu nitumie PDF ya hayo yote, na connection ya kazi kama ipo.
Jibu: PDF sina. Kazi pia sina. Hatua ya 1 umeisoma?

Kabwe Boy: Nimeisoma, ila kujitolea bila hela ni kupoteza muda.
Jibu: Sawa. Mimi nilijitolea miezi mitano.

Binti Rungwe: Shikamoo kaka. Nina diploma ya uhasibu. Nirudi chuo au nifanye mitihani ya bodi? Na akiba ya kilo 50 umeipataje?
Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Bodi ni PSPTB, ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na anayefaulu mpaka hatua ya mwisho anapata CPSP, cheti chao cha taaluma. Nenda nao na cheti chako, wakwambie unaingilia hatua gani kabla hujalipa ada popote. Ukitaka darasa, TIA (Taasisi ya Uhasibu) wana kampasi hapa Mbeya. Uhasibu wako utakusaidia sana kwenye gharama. Akiba: nilirudi kwenye leja nikatazama mzigo uliochelewa kuliko yote. Ulichelewa siku 2, mara kilo 25, ndiyo 50. Masika naongeza.

Mzee wa Tunduma: Kotesheni tatu ni usumbufu, mimi nina mtu wangu mmoja mwaminifu miaka yote.
Jibu: Mzee wangu, uaminifu wake siupingi. Ila bila bei za wengine utajuaje kama ya kwake bado ni ya soko? Akiugua wiki mbili, unanunua kwa nani?

Mafinga Mbao: Naongezea. Kwenye mbao pia, usiandike "mbili kwa nne" ukaishia hapo. Pima kwa tepu ncha zote mbili, na ubao mbichi ukikauka unapinda.
Jibu: Asante sana. Unyevu unauandikaje kwenye LPO?

Mafinga Mbao: "Mbao kavu", na kiwango cha unyevu kwa asilimia, kipimwe kwa mashine siku ya kushusha.

Binti Rungwe: Na viazi vikibaki stoo vinageuka kijani, tunavitumia?
Jibu: Hapana, kijani kina sumu. Ni mwanga. Funika madirisha, gunia ziinue juu ya vichanja, na za zamani zitoke kwanza.