Somo: Kusoma picha na michoro ya majengo ya Mji Mkongwe katika Nyaraka za Taifa, Kilimani

Mtu anayekwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, kutafuta historia ya jengo mara nyingi huomba picha peke yake. Nashauri aombe na mchoro, kwa sababu mchoro unaonesha yaliyokusudiwa na picha inaonesha yaliyosimama, na anayetegemea kimoja hupotoka kwa urahisi.

Hatua ya kwanza ni majina. Kabla ya kujaza fomu, andika kila jina ambalo jengo limewahi kuitwa: Makumbusho ya Kasri, kwa mfano, yalikuwa Beit al-Sahel.

Hatua ya pili ni mikono. Tumia penseli, kamwe si kalamu ya wino. Nakala za buluu, yaani nakala za michoro zenye mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu, hufifia zikikaa kwenye mwanga, na kitambaa cha kunakilia michoro kimetiwa wanga, hivyo tone moja la jasho huacha doa lisilotoka.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenye kazi, ni kuipa picha tarehe. Chukua picha ya Forodhani iliyopigwa kutoka baharini, na usiuamini upesi mwaka ulioandikwa nyuma, kwani huenda uliandikwa na mtu wa baadaye. Tafuta kwanza Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 katika zama za Sultani Sayyid Barghash. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo mizinga ya manowari za Waingereza iliuharibu mnara huo pamoja na kasri la jirani, Beit al-Hukm. Ukiona mnara wa saa umeshikamana na uso wa jumba, picha ni ya baada ya matengenezo yaliyofuata. Kisha tazama majini: milingoti mitatu inayotokeza bila meli chini yake ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku hiyohiyo, ambayo mabaki yake yaliondolewa 1912. Na reli ikionekana karibu na Ngome Kongwe, hiyo ni njia ya treni ya Bububu, iliyoanza 1905. Picha yenye milingoti na reli pamoja, basi, imebanwa ndani ya miaka saba hivi, hata kama nyuma hapana neno.

Hatua ya nne ni mchoro wenyewe. Soma kipimo chake: futi nane kwa inchi moja ni sawa na 1:96. Usipime kwa rula juu ya fotokopi, maana huenda imepunguzwa. Tumia mstari wa kipimo uliochorwa pembeni. Soma na jina la msanifu. J. H. Sinclair, aliyesanifu jumba la makumbusho la Beit el-Amani lililofunguliwa 1925, alipenda mno makuba na matao, na wengi hudhani kazi zake ni za Masultani wa mwanzo.

Mwisho, linganisha. Niliwahi kushinda asubuhi nzima nikimlaumu mchoraji kwa kuweka ngazi upande wa kulia ilhali picha iliionesha kushoto, mpaka nilipotazama kwa lenzi maandishi ya Kiarabu juu ya mlango: yalikuwa yamegeuka. Kioo cha negativu ya picha kilichapwa kinyume, kulia kukawa kushoto.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Postikadi yangu ina muhuri wa posta wa 1910. Je, huo ndio mwaka wa picha?

Jibu: Marahaba. Huo ni mwaka wa kutumwa. Studio ziliweza kuuza picha ileile kwa miaka mingi, kwa hiyo muhuri unakupa mwisho wa kipindi tu.

Mwanachama wa Unguja: Mchoro una ghorofa tatu, nyumba ina mbili. Ya juu ilibomolewa?

Jibu: Usikimbilie huko. Huenda ni pendekezo lililokatwa kwa kukosa fedha. Omba faili la barua la mwaka huohuo, kisha uchunguze kama ukuta wa juu una alama za boriti zilizokatwa.

Mwanachama wa Mombasa: Naruhusiwa kupiga picha kwa simu?

Jibu: Muulize mhudumu wa chumba cha kusomea kabla hujaitoa mfukoni. Akikubali, zima mwanga wa simu, weka rula kando ya karatasi, na picha ya kwanza iwe ya namba ya faili.