Kuondoa shombo jikoni, hatua kwa hatua

Udi haufukuzi shombo. Ukifukiza udi juu ya harufu ya vibua utapata harufu mbili, na mgeni atazipokea zote mlangoni. Ninauza samaki wa kukaanga hapa Dar es Salaam, na jiko ni hili hili la nyumbani ninalopikia watoto uji. Kwa joto na unyevunyevu wetu, lazima ujue harufu inakaa wapi, na daima inakaa kwenye kitu: kibao, kitambaa, bomba, ukuta. Kitafute hicho kitu.

1. Mpae samaki ndani ya maji

Kama una uwanja, paa nje. Kama huna, jaza beseni maji na umpae samaki humo humo, magamba yabaki majini yasiruke. Gamba moja likinata nyuma ya mtungi wa gesi litakutesa wiki nzima. Toa matumbo na matamvua, kisha pitisha ncha ya kijiko kwenye ule mstari wa damu nyeusi ulioganda kando ya mfupa wa mgongo. Wengi huuacha, na ndio unaoanza kunuka mapema.

Maji ya beseni yamwagie mgomba, si sinki. Matumbo yatie kwenye kopo tupu la majarini, funika, weka kwenye friza hadi siku ya gari la taka. Najua wapo wanaoona kinyaa kuweka taka kwenye friza. Kopo lililofungwa halimdhuru mtu. Ndoo ya matumbo juani siku tatu inaudhi mtaa mzima.

2. Maji baridi kwanza

Kisu, kibao na sahani zilizoguswa na samaki mbichi zisuuze kwa maji baridi kabla ya sabuni. Maji ya moto huupika ule utelezi palepale ukagandia chombo, kama ute wa yai kwenye kikaango. Ukishaondoka, ndipo ulete sabuni na maji ya moto.

3. Ndimu, kwa sababu yake

Samaki wa baharini akishakufa, bakteria hutengeneza mwilini mwake kemikali iitwayo trimethilamini. Hilo ndilo shombo lenyewe. Asidi ya ndimu au siki huifunga isiruke tena hewani, kisha maji huibeba. Kwa hiyo sugua kibao kwa chumvi ya mawe na nusu ndimu, acha dakika tano, suuza, kisimamishe juani. Mikono vilevile.

Onyo: ndimu au siki isikutane na Jiki. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Siku ya Jiki iwe ya Jiki, na maji tu.

4. Ukuta wa nyuma ya jiko

Wakati wa kukaanga funga mlango wa sebuleni, fungua dirisha. Mvuke wa mafuta huganda ukutani na kwenye pazia, ukibeba harufu. Futa ukuta kwa maji ya sabuni siku ile ile. Kesho utahitaji kukwangua. Pazia la jikoni mimi nililitoa kabisa.

5. Sinki

Hapa ndipo kwenye kazi. Chini ya sinki bomba limepinda, au lina kikombe cha plastiki. Maji yanayobaki humo huzuia hewa ya mtaroni isipande. Ukisafiri muda mrefu, maji hukauka na nyumba hunuka choo; mwaga jagi moja la maji, imekwisha.

Harufu ikibaki, weka ndoo chini, fungua kikombe kwa mkono. Utakuta uji mweusi wa mafuta, punje za wali na magamba. Umwage kwenye taka, sugua kikombe kwa mswaki wa zamani, rudisha na mpira wake ukae sawasawa, kisha fungulia maji uone kama panavuja. Kuchanganya siki na bekingi soda hutoa povu la kupendeza, lakini viwili hivyo huuana nguvu na uji unabaki pale pale. Mafuta ya kukaangia usiyamwage sinki kabisa.

6. Dodoki na vitambaa

Kitambaa kibichi kilichokunjwa kinanuka kuliko samaki. Kichemshe dakika kumi, kianike kimetanuka. Dodoki likamue na ulitundike. Likianza kuteleza, tupa.

7. Harufu isiyo ya uchafu

Ukisafisha vyote bado unasikia kama kitunguu au kabichi iliyooza, na jikoni kuna gesi, acha usafi. Gesi ya mtungi hutiwa harufu hiyo makusudi ili ukitambue kivujisho. Usiwashe taa wala kiberiti, usizime wala kuchomoa chochote cha umeme. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje na watoto. Harufu ikishaisha ndani, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio huku jiko limezimwa na mtungi umefunguliwa kidogo. Mahali panapovimba mapovu ndipo panapovuja: funga tena, utoe mtungi nje, umwite fundi wa aliyekuuzia.