Somo: Kufundisha watu wazima Kiingereza cha mwanzo kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi

Naandika mara moja hapa ili anayeuliza tena nimwelekeze huku. Kila mwalimu mpya wa darasa la jioni, awe Katuba au Ruashi, ananiletea lile lile: wanafunzi wanatia «-ing» kila mahali. Wanafunzi wangu ni madereva wanaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akina mama wanaofuata bidhaa huko, na mafundi. Wengi wana Kifaransa cha shule.

Hatua ya 1. «I am, you are, he is.» «Ni» yetu haibadiliki, yao ina sura tatu.

Hatua ya 2. Umri na njaa. Sisi «nina miaka 30», Kifaransa «j'ai 30 ans», basi watasema «I have 30 years». Sahihi ni «I am 30». Njaa vilevile: «I am hungry».

Hatua ya 3. «His» na «her». Kifaransa kinatazama kitu, Kiingereza kinamtazama mwenye kitu. Dada ya papa (baba) ni «his sister», hata kama dada ni mwanamke.

Hatua ya 4. Hapa niliharibu, someni polepole.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye tablo: -na- ni «am» pamoja na «-ing». Niliitoa kwenye Kiswahili cha vitabu, ambamo «ninauza» inabeba la sasa hivi na la kila siku. Kifaransa hakikuniokoa, maana «je vends» nayo inabeba yote mawili. Baada ya mwezi darasa zima likawa linasema «I am knowing him». Dereva mmoja akaulizwa mpakani «What do you do?», yaani kazi yako nini, akajibu «I am driving», naye amesimama chini na karatasi mkononi. Aliponisimulia niliumia. Kosa lile nililiandika mimi, kwa chaki yangu.

Dawa nilipewa na mama mmoja darasani. Nilimuuliza anauza nini, akajibu: «Nauzishaka samaki, ila leo niko nauzisha mboga.» Sarufi yote niliyohangaika nayo ilikuwa mle. «Nauzishaka», la kila siku, ni «I sell». «Niko nauzisha», la leo, ni «I am selling». Hata «niko» imekaa pale pale inapokaa «am». Tangu hapo nagawa tablo mara mbili, kushoto «-aka», kulia «niko na-», na wanafunzi wanaleta sentensi zao kabla sijataja neno la Kiingereza.

Tahadhari. «Know», «want» na «like» zisipelekwe kulia, hata kama ni la dakika hii. «-aka» inapanda pia juu ya wakati uliopita: «nilitumikaka», kazi ya zamani, si «I work», msiiache iingie kushoto. Na msifundishe pande zote mbili siku moja. Mimi nakaa wiki nzima kushoto.

Hatua ya 5. Herufi «s» ya «she sells». Kwenye swali inahamia kwa «does»: «Does she sell?»

MASWALI

Mgeni: Mwalimu, kwa hiyo -na- ndiyo «-ing»?
Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 4.

Mgeni: Nina mtihani kesho, nitumie nyakati zote kwa ufupi.
Jibu: Kwa usiku mmoja sina la kukupa. Lala mapema.

Mwalimu wa Kampemba: «-aka» si Kiswahili sanifu. Unawafundisha vibaya.
Jibu: Sifundishi Kiswahili, nafundisha Kiingereza. Yule mama hakosei hata mara moja kati ya «nauzishaka» na «niko nauzisha». Kanuni hiyo anayo kichwani tangu utoto, na mimi nisiitumie kwa sababu haimo kitabuni?

Fundi wa Kamalondo: Yaya, kwa nini «she can sew» haina «s»? Nimeitafuta kwenye kaye (daftari) yote.
Jibu: Umeona vizuri, ndugu yangu. «Can», «must» na «should» hazipokei «s» kamwe, wala kitenzi kinachozifuata. Hazitaki «to» pia, wala «does»: unageuza tu, «Can she sew?» Jaribu sentensi kumi za kazi yako ya cherehani, uzilete hapa nizisome.

Mama wa soko la Kenya: Mimi shida yangu bei. Nasikia «fifteen», kumbe ni «fifty».
Jibu: Mama, sikiliza mahali sauti inapokaza. «Fifteen» inakaza mwisho na kuvuta, «fifty» inakaza mwanzo na kukatika. Fanyeni wawili wawili, mmoja ataje, mwingine aandike tarakimu bila kutazama midomo.

Dereva: Mimi nafungua kikokotoo cha simu, nampa muuzaji apige bei mwenyewe.
Jibu: Vizuri, lakini mwombe aisome kwa sauti wakati anapiga. Hapo umepata somo la bure.

Dereva: Na kwacha, pesa ya Zambia, namba kubwa?
Jibu: Hizo nitaziandikia somo lake. Leteni kwanza zile zinazowasumbua.